Kisima cha Mwaka 1453: Jiwe la Strasbourg na Haki ya Kuimba



Katika kijitabu cha jubilei msomaji hutarajia kukuta salamu za Baba Paroko, majina ya viongozi wa kwaya tangu mwanzo, picha za zamani na ratiba ya siku. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine. Sisi tuliopewa kurasa hizi za historia tumeona vema tuwapeleke mbali kidogo, hadi penye jiwe moja. Jiwe hilo ni kisima cha ubatizo kilichochongwa mwaka 1453, na hadi leo kimo ndani ya Kanisa Kuu la Bikira Maria mjini Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa.

Huenda mtu akauliza, kwaya ina shughuli gani na kisima? Jibu letu ni kwamba kila mwimbaji wa Kanisa alipitia majini kabla ya kufika kwenye viti vya kwaya. Kabla ya sare na kabla ya kujua kama sauti yake ni ya kwanza au ya nne, aliitwa jina lake penye kisima. Tena historia ya mji ule inatufundisha jambo ambalo wengi hatulifikirii: swali la nani abatizwe na swali la nani aimbe kanisani yaliwahi kuulizwa na watu wale wale, katika miaka ile ile, ndani ya kanisa lile lile. Majibu waliyotoa yametufikia hata sisi.

Mji, kanisa na fundi wake

Strasbourg ni mji wa Alsace, karibu na mto Rhine, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Kisima kilipochongwa, mji huo haukuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Ulikuwa mji huru ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, wenye baraza lake na sheria zake, na wenyeji wake walisema Kijerumani. Kwa hiyo tunapokiita kisima cha Ufaransa, tunahesabu kwa mipaka ya leo. Mipaka hiyo, kama tutakavyoona, imehama mara nyingi kuliko kisima chenyewe.

Kanisa Kuu hilo lilianzishwa na Askofu Werner mwaka 1015, kisha likajengwa upya hatua kwa hatua kwa muda wa karne kadhaa. Mawe yake ni ya mchanga uliogandamana, yaliyochimbwa katika milima ya Vosges, nayo yana rangi ya waridi ambayo hukolea jua linapozama. Mnara wake ulikamilika mwaka 1439, ukiwa na urefu wa mita 142. Tangu mwaka 1647 hadi 1874 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani.

Lakini kanisa hilo halikuwa kiti cha askofu tu. Ndani yake mlikuwa pia na parokia, Parokia ya Mtakatifu Laurenti, yenye altare yake na padre wake wa kuwahudumia watu wa kawaida: waokaji mikate, wavuvi wa mtoni, washonaji, wajakazi. Watu hao walihitaji mahali pa kubatizia watoto wao.

Mwaka 1452 fundi mkuu mpya aliingia kazini. Jina lake ni Jost Dotzinger, kutoka mji wa Worms. Vitabu vya Kifaransa humwita Jodoque. Alikuta mnara umekwisha kupanda hadi juu kabisa, na heshima yake ilikuwa imekwisha kwenda kwa waliomtangulia. Mwaka uliofuata, 1453, kazi yake ikawa kisima cha ubatizo. Dotzinger aliongoza ujenzi wa kanisa hilo hadi mwaka 1472. Mafundi wa mawe walipokutana Regensburg mwaka 1459 kupatana kanuni za kazi yao, chama cha mafundi wa Strasbourg kilipewa nafasi ya kwanza miongoni mwa vyama vyote. Huyu basi ni mtu aliyesimamia jengo refu la kutisha, lakini kazi inayotajwa zaidi kwa jina lake ni chombo cha kubebea maji kidogo ya kumwosha mtoto.

Mwaka huo wa 1453 ulikuwa wa misukosuko. Mwezi Mei Konstantinopoli ulitekwa na Waturuki. Mwezi Julai vita virefu kati ya Ufaransa na Uingereza viliishia Castillon. Na mjini Mainz, Johannes Gutenberg, ambaye aliwahi kuishi Strasbourg miaka kadhaa, alikuwa akiandaa mtambo wa kuchapa Biblia. Uchapaji huo wa vitabu utarudi katika habari yetu, kwa sababu bila huo waumini wasingalipata vitabu vya nyimbo mikononi.

Jinsi jiwe lilivyochongwa

Wataalamu huuita mtindo wa kisima hiki Kigothiki cha mwisho. Nchini Ufaransa una jina jingine pia, mtindo wa ndimi za moto, kwa sababu mistari ya mawe hupanda na kupinda kama ndimi za moto unaopepewa. Makanisa ya karne ya 12 na 13 yalipenda matao yaliyonyooka yenye ncha juu. Kufikia karne ya 15 mafundi walikuwa wameizoea kazi hiyo mno, wakaanza kuyapitisha matao ndani ya matao, wakayapinda, wakayatoboa, hata jiwe likaonekana kama kitambaa kilichofumwa kwa kulabu. Kisima cha Dotzinger ni mfano bora wa ufundi huo. Matao yake yanakatizana, vinara vidogo vinasimama katikati yake, na mwanga unapita mahali ambapo mtu angetazamia jiwe zito.

Tukumbuke kazi hiyo ilifanywa kwa tindo na nyundo. Anayechonga namna hiyo hana nafasi ya kukosea. Ncha ya jiwe ikishakatika hairudi. Waimbaji tunajua hali hiyo: nota iliyokwisha kutoka kinywani haivutwi nyuma.

Zamani za kale visima havikuwa hivi. Katika karne za mwanzo wengi waliobatizwa walikuwa watu wazima, nao walishuka ndani ya birika lililochimbwa chini, katika jengo la pekee kando ya kanisa. Jengo la namna hiyo bado lipo Poitiers, magharibi mwa Ufaransa. Mwanzo wake ni karne ya 4, na birika lake lina pande nane. Hesabu ya nane ilipendwa kwa sababu Kristo alifufuka siku inayofuata ile ya saba, siku ya kwanza ya uumbaji mpya. Baadaye, familia nzima zilipokuwa za Kikristo na wengi wa wabatizwa wakawa watoto wachanga, birika lilipandishwa juu, likawa beseni la jiwe lenye kimo ambacho padre aliweza kumshika mtoto na kumtumbukiza majini bila kuinama sana. Ndiyo maana visima vingi vya zamani vina vinywa vipana kuliko tunavyoona leo.

Maji hayo yalibarikiwa katika Mkesha wa Pasaka, na tena siku ya mkesha wa Pentekoste, yakatunzwa mwaka mzima. Katika sehemu nyingi za Ulaya viongozi wa Kanisa waliagiza kisima kiwe na kifuniko chenye kufuli, kwa sababu watu walikuwa wakiyachota maji yaliyobarikiwa kwa siri, wakayatumie kwa uganga na uchawi. Tusiwacheke sana. Maji ya baraka kugeuzwa dawa ya kujikinga na jirani ni habari ambayo mapadre wa huku kwetu pia wanaijua.

Kuwa na kisima lilikuwa jambo la heshima na la sheria. Kikanisa cha kijijini kingeweza kuwa na altare na kengele, lakini kisima kilikuwa alama ya parokia. Palipo na kisima ndipo watu walipohesabiwa kuwa wana wa mahali pale. Mwaka 1539 Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alitoa sheria, inayoitwa kwa jina la Villers-Cotterêts, iliyoagiza maparoko waandike ubatizo katika madaftari, ili tarehe ya mtu kuzaliwa ipate kuthibitishwa. Kwa muda mrefu maskini wa Ufaransa hakuwa na karatasi nyingine ya kumtambulisha isipokuwa mstari ule mmoja katika daftari la parokia. Hapa Kenya wako wazee ambao kadi yao ya ubatizo ndiyo iliyokuwa hati yao ya kwanza.

Pamoja na hayo palikuwa na hofu. Watoto wachanga walikufa kwa wingi, na wazazi waliogopa mno mtoto afe kabla ya kubatizwa. Kwa hiyo walimkimbiza kanisani siku ya kuzaliwa kwake au siku chache tu baadaye. Katika baadhi ya mahali pa hija nchini Ufaransa wazazi walipeleka hata watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa, wakawalaza mbele ya sanamu ya Bikira Maria, wakasali na kungojea dalili ndogo tu ya uhai, shavu kubadilika rangi au mdomo kutikisika, wapate kumbatiza na kumzika katika udongo uliobarikiwa. Anayekitazama kisima kile kwa macho ya mtalii huona ufundi. Mama wa mwaka 1453 aliona mlango, na aliomba afike kabla haujafungwa.

Mabishano juu ya maji

Miaka 65 baada ya kisima kuchongwa, mwaka 1518, Parokia ya Mtakatifu Laurenti ilipata padre mpya, Matthäus Zell. Miaka michache baadaye alianza kuhubiri mafundisho yaliyokuwa yakitoka kwa Martin Luther, na watu wakafurika kumsikiliza. Mwishoni mwa mwaka 1523 alimwoa Katharina Schütz, binti wa mjini. Ndivyo mageuzi yalivyoingia Strasbourg kupitia parokia iliyokuwa ndani ya Kanisa Kuu lenyewe.

Mwezi Februari 1524 ibada ya Misa iliadhimishwa kwa Kijerumani badala ya Kilatini. Ubatizo nao ukaanza kufanywa kwa lugha ambayo wazazi waliielewa. Martin Bucer, aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa mageuzi mjini humo, alieleza katika kitabu cha mwaka huo huo kwa nini wao waliacha mafuta, chumvi na mishumaa katika ubatizo: walitaka yabaki maji na Neno. Mwaka 1529 baraza la mji lilipiga kura na kuisimamisha Misa.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kuisoma habari hiyo bila uchungu. Lakini angalieni kitu kimoja. Waliondoa mengi, na kubatiza watoto hawakuacha. Kuhusu jambo hilo padre wa zamani na mchungaji mpya walikuwa upande mmoja.

Waliokataa walikuwa wengine. Mwezi Januari 1525 mjini Zurich, Uswisi, kikundi kidogo cha watu kilibatizana kikiwa watu wazima, kikisema ubatizo wa utotoni si ubatizo, kwa kuwa mtoto hajaamini. Maadui wao waliwaita Waanabaptisti, yaani wabatizaji upya. Waliwindwa kila mahali, wakazamishwa majini na kuchomwa moto. Wengi walikimbilia Strasbourg kwa sababu mji huo ulikuwa na huruma kuliko mingine. Mmoja wao, Michael Sattler, aliondoka Strasbourg akakamatwa kwingine, akachomwa moto mwaka 1527.

Mwingine alikuwa Pilgram Marpeck, mhandisi hodari. Baraza la mji lilimwajiri, akalifanyia kazi ya maji na ya kusafirisha magogo kutoka milima ya Msitu Mweusi, ili watu wapate kuni. Mji ulimhitaji. Hata hivyo aliendelea kufundisha kwamba watoto wachanga wasibatizwe, na kufikia mwaka 1532 alikuwa amefukuzwa. Melchior Hoffman, mhubiri mwingine wa kundi hilo, alitiwa gerezani Strasbourg mwaka 1533, akakaa humo hadi alipokufa, yapata miaka kumi baadaye.

Tufikiri maana yake. Mtu angeweza kuujengea mji mifereji, na bado akafukuzwa kwa ajili ya swali la nani ashikwe juu ya beseni la jiwe. Wanaodhani ubatizo ni sherehe ya picha na keki watazame hapo. Kwa watu hawa lilikuwa jambo la kufa na kupona, pande zote.

Miongoni mwa walioonyesha moyo mwingine alikuwa Katharina Zell, mke wa yule mchungaji. Hakukubaliana na Waanabaptisti, lakini alisema waziwazi kwamba watu wanaomkiri Kristo wasiwindwe kama wanyama. Nyumba yake ilipokea wakimbizi. Yeye mwenyewe alizaa watoto wawili, na wote wawili walikufa wakiwa wadogo. Alijua mtoto wa kisimani ni nini.

Wimbo wawafikia watu

Hapa ndipo kisima na kwaya vinapokutana.

Katika ibada ya zamani ya Strasbourg kuimba ilikuwa kazi ya mapadre na waimbaji waliofunzwa, kwa Kilatini. Nyimbo zao zilikuwa za thamani kubwa, na Kanisa letu linazitunza hadi leo. Lakini muumini wa kawaida wakati wa ibada alisikiliza tu. Kuanzia mwaka 1524 wachapaji wa Strasbourg walitoa vijitabu vya ibada kwa Kijerumani vikiwa na nota za nyimbo, na mkutano mzima ukaanza kuimba.

Kati ya mwaka 1534 na 1536 Katharina Zell alitoa kitabu cha nyimbo za Ndugu wa Bohemia, kikiwa kimegawanywa katika vijitabu vinne ili mtu asiye na fedha nyingi aweze kununua. Katika utangulizi wake alieleza alikuwa akimfikiria nani: fundi kazini, mjakazi anayeosha vyombo, mkulima katika shamba la mizabibu, mama anayembembeleza mtoto anayelia usiku. Hao wote, kwake, walikuwa waimbaji wa Mungu, na kazi zao zikifanywa kwa imani na wimbo zilimpendeza Mungu.

Mwaka 1538 aliwasili John Calvin, mkimbizi kijana kutoka Ufaransa, akawa mchungaji wa wakimbizi waliosema Kifaransa. Alivutiwa na uimbaji aliousikia mjini, na mwaka 1539 akachapisha huko huko Strasbourg kitabu kidogo cha zaburi za kuimbwa kwa Kifaransa. Mke aliyemwoa mwaka 1540, Idelette de Bure, alikuwa mjane wa Mwanabaptisti. Mwaka 1541 Calvin alirudi Geneva, na mtindo wa mkutano mzima kuimba zaburi ukaenea hadi makanisa ya nchi nyingi. Ndugu zetu wa PCEA wanaposimama kuimba zaburi, mzizi mmoja wa desturi hiyo uko Strasbourg.

Hoja ya watu hao ilikuwa nyepesi: aliyebatizwa ni mwana wa nyumba, na mwana wa nyumba hakai kimya baba yake anaposhangiliwa.

Bendera zabadilika, kisima chabaki

Misa ilirudi katika Kanisa Kuu kwa miaka michache baada ya mwaka 1550, kisha ikaondolewa tena. Mwaka 1681 jeshi la Mfalme Louis wa 14 liliuzingira mji, ukasalimu amri, na Strasbourg ukawa wa Ufaransa. Kanisa Kuu likarudishwa kwa Wakatoliki. Walutheri walibaki na makanisa mengine mjini, na wapo hadi sasa.

Wakatoliki waliporudi walikuta nini? Walikuta mji ambao kwa zaidi ya karne watoto wake walikuwa wamebatizwa na wachungaji wa Kilutheri. Lakini mafundisho ya Kanisa yalikuwa yamekwisha kutolewa. Mtaguso wa Trento, mwezi Machi 1547, katikati ya ugomvi mkali kabisa, ulitamka kwamba ubatizo uliotolewa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa nia ya kutenda litendalo Kanisa, ni ubatizo wa kweli hata kama aliyebatiza amejitenga na Kanisa. Luther naye hakuwabatiza upya waliobatizwa na mapadre. Watu walioshindana juu ya karibu kila jambo waliheshimiana katika hilo moja.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwezi Septemba 1792 madaftari ya kuandikisha waliozaliwa yalichukuliwa kutoka kwa maparoko yakapewa serikali. Mwezi Novemba 1793 Kanisa Kuu liligeuzwa Hekalu la Akili, na amri ikatoka sanamu zivunjwe. Sanamu 235 ziliteketea kwa nyundo. Nyingine 67 ziliokolewa na profesa mmoja, Jean Hermann, aliyezificha katika bustani ya mimea ya chuo. Mnara nao ulikuwa uangushwe kwa kuwa eti ulikosa usawa kwa kupita nyumba za wengine. Ukaponea kwa kuvikwa kofia kubwa ya bati, nyekundu, alama ya wanamapinduzi.

Mwaka 1870 mizinga ya Wajerumani ilichoma paa. Mwaka 1871 mji ukawa wa Ujerumani, mwaka 1918 wa Ufaransa, mwaka 1940 wa Ujerumani tena, na mwezi Novemba 1944 ukarudi kwa Ufaransa. Mabomu ya mwezi Agosti 1944 yaliliharibu kanisa. Na kisima cha Dotzinger, kilichochongwa kwa nakshi nyembamba ambazo pigo moja lingetosha kuzivunja, kimepita katika hayo yote. Walioshinda na walioshindwa, kila mmoja kwa zamu yake, walikuwa na watoto wa kubatiza.

Kutoka Alsace hadi huku kwetu

Si mbali na Strasbourg kuna mji mdogo wa Saverne. Huko mwaka 1802 alizaliwa mwana wa rabi wa Kiyahudi, ambaye baadaye aliitwa François Libermann. Alibatizwa akiwa mtu mzima, Paris, mkesha wa Noeli mwaka 1826. Alipata upadre mwaka 1841, akaanzisha shirika la wamisionari kwa ajili ya watu weusi, na mwaka 1848 shirika hilo likaungana na lile la Roho Mtakatifu.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, naye pia mzaliwa wa Alsace. Mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo, ambako wengi wa wabatizwa wa kwanza walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1892 walianza Bura, Taita, na mwaka 1899 wakafika Nairobi, mahali panapoitwa St Austin's. Mtoto aliyekuwa na bei sokoni alipewa jina penye maji, na aliyekwisha kupewa jina hilo hakuweza tena kuhesabiwa kama mzigo wa pembe. Waanabaptisti waliofukuzwa nao wana wazao wa kiimani huku kwetu, ndugu zetu Wamenoni wa Kenya na Tanzania.

Haki ya kuimba

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Humo Kanisa lilifundisha kwamba waamini wote washiriki ibada kwa ukamilifu, kwa kuelewa na kwa vitendo, na kwamba hiyo ni haki yao na wajibu wao kwa sababu ya ubatizo. Lugha za watu zikaruhusiwa, ngoma na kayamba zikaingia, na kwaya kama yetu zikapata kazi tunayoishangilia leo.

Kwa hiyo haki ya kuimba inatoka kisimani. Kwaya haikupewa wimbo uwe mali yake; imepewa kazi ya kuuongoza. Kwaya ina nyimbo zake za pekee, na ni vizuri ziwepo, kwa maana hata Dotzinger hakuchonga beseni tupu akasema maji yanatosha. Uzuri una mahali pake nyumbani mwa Mungu. Lakini nakshi zote zile ziko kwa ajili ya beseni, na beseni liko kwa ajili ya mtoto. Kibwagizo ambacho mama wa safu ya nyuma hawezi kukidaka hata baada ya mara tatu, na wimbo mpya unaoletwa kila Jumapili hadi watu wanabaki kutazama, ni nakshi iliyoziba kinywa cha kisima.

Ndiyo sababu Misa ya jubilei itaanza kwa maji. Padre atapita akitunyunyizia, na wakati huo tutaimba wimbo ambao parokia nzima inaujua kwa moyo, kuanzia watoto wa Utoto Mtakatifu hadi wazee. Nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya siku hii zitasikika baada ya Komunyo. Tunawaomba wageni wetu, pamoja na ndugu wa makanisa jirani walioitikia mwaliko, waimbe nasi bila kungoja kukaribishwa mara ya pili. Maneno ya nyimbo zote yamechapishwa katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki.